Vifaa 22 vilikufa dakika moja

Nilikuwa kwenye tonge la pili la bugali, samaki wetu wadogo, sambaza, bado za moto, simu ikalia: ruta ya Panzi imekufa. Sijameza, swichi ya Kadutu nayo. Kisha antena za Bagira, moja baada ya nyingine, hadi jumbe zikafika 22. Mtandao wote tunaousimamia hapa Bukavu, chali!

Nikapanda taximoto kwenye mvua hadi Panzi. Ruta inameta taa zote, kijani kibichi. Mlinzi akanitazama nilivyolowa: "Papa, intaneti inatembea muzuri. Unatafuta nini?"

Kadutu vilevile. Nikajaribu kuifungua seva ya uangalizi, ile inayotuma jumbe hizo, kutoka kwenye simu. Haijibu. Mtangaza vifo naye hayupo!

Seva hiyo hupiga ping kila kifaa kila dakika, yaani hukiuliza "upo?" Ikikosa jibu mara 3 mfululizo, inatangaza msiba. Hesabu za trafiki, yaani data inayopita, inazivuta kwa SNMP, lugha ya kuuliza vifaa hali zao, kila dakika 5. Jumbe hazipiti kwenye kebo: zinatoka kwa modemu ya USB yenye laini yake, ili intaneti ikikatika tujue. Nilijivunia sana mpango huo. Ila kebo ya seva ikichomoka, seva haijui kuwa iliyotengwa ni yenyewe. Kwake, dunia imekwisha.

Na kebo ilikuwa imechomoka. Swichi ya ofisi ina matundu 8, yote yamejaa, na kabla ya chakula nilitaka pa kuchomeka kompyuta yangu. Nikang'oa kebo ya kijivu isiyo na lebo. Kubandika lebo ni kazi ya fundi. Fundi ni mimi.

Grafu zote zilikuwa na pengo lililoanzia mahali pamoja. Pengo, si mstari wa sifuri: sifuri ni kifaa kinachojibu kuwa hakuna trafiki, pengo ni kimya kitupu. Nikairudisha kebo, nikaisajili swichi ya ofisi kuwa mzazi wa vyote: mzazi asipojibu, watoto wasitangazwe wafu, uende ujumbe mmoja tu.

Nyuma yangu modemu ikaanza kutuma "kimepona", "kimepona". Kwenye cha 17, unite (salio) za laini zikaisha.

Shefu, ambaye naye hupokea jumbe zilezile, akachungulia mlangoni, simu mkononi. "Kazi nzuri, injinia. Sasa hivi vitano vilivyobaki, unaviendea leo ao kesho?"