Mtoto hatulii darasani, mama ndiye anaitwa

Wiki chache zilizopita kulikuwa na mjadala kwa redio moja ya hapa Kisumu, kipindi cha asubuhi, mada ilikuwa mbona watoto wengi siku hizi wana shida za akili na tabia. Mwalimu mmoja mstaafu akapiga simu akasema hakuna mtoto mbaya, kuna mama aliyeshindwa na kazi, na simu zilizofuata karibu zote zikamuunga mkono. Nesi mmoja alijaribu kusema kuna vitu mtoto anazaliwa navyo, akaambiwa anawatafutia wazazi wavivu visingizio, alafu ikawa saa ya matangazo. Naandika hii juu naona nesi hakupewa nafasi, na upande wake uko na uzito kuliko vile watu wanadhani.

Kuna mama namjua anauza omena Kibuye. Kijana wake yuko gredi ya tatu na huyo mtoto, haki, hawezi kukaa. Akifanya homuwaki yuko na goti moja juu ya kiti, mguu mwingine unachezacheza hewani, ameandika jina na tarehe na hesabu ya kwanza, ya pili ameacha katikati juu paka amepita mlangoni, na penseli imetafunwa mpaka rangi imeisha. Si kiburi. Ukimwita anarudi, anasema pole, anaandika namba moja, anainuka tena. Mama ameitwa shule mara nyingi mpaka amezoea kumwachia jirani meza ya omena, na kila akienda anaulizwa swali lile lile, huyu unamlea vipi? Hakuna siku baba ameitwa. Na nyanya wa huyo mtoto, mama ya baba, husema waziwazi kabisa akiwa anachambua mboga kwamba baba yake alikuwa hivyo hivyo, walimu walimchapa mpaka akaacha shule akiwa darasa la sita. Anasema hivyo kama kitu cha kawaida na hakuna anayeshtuka kwamba pengine hapo kuna jibu.

Sawa, familia moja haithibitishi kitu, baba na mtoto wanaweza kufanana juu wote wamechapwa. Ndo maana watafiti hutumia mapacha. Mapacha wa kufanana wana jeni zile zile, wasiofanana wanashiriki karibu nusu tu kama ndugu wengine, sasa kama shida fulani inawashika wote wawili mara nyingi zaidi kwa wale wa kufanana, na wote wamelelewa nyumba moja, basi jeni ziko na mkono hapo. Kwa ADHD, hii shida ya kutotulia na kukosa umakini, watafiti Stephen Faraone na Henrik Larsson walikusanya tafiti 37 za mapacha na wastani wa kiwango cha kurithi ukatoka asilimia 74. Usonji (autism) uko karibu na 80, skizofrenia, ile ya kusikia sauti zisizokuwepo, pia hapo hapo. Depresheni iko chini sana, kama 37. Kwa hiyo mtu akikuambia ugonjwa wa akili ni wa kurithi, ama ni wa malezi, na hajasema ni ugonjwa gani, bado hajasema kitu.

Hiyo 74 inasomwa vibaya na pande zote mbili na inanisumbua sana. Haisemi kwamba robo tatu ya fujo ya huyu kijana imetoka kwa jeni na robo imetoka kwa mama yake. Inasema ukichukua watoto wa mahali fulani ukaangalia mbona wanatofautiana, huyu katulia na yule hatulii, sehemu kubwa ya hizo tofauti inafuata jeni. Mahali fulani, na mahali penyewe mara nyingi ni Uswidi, Uingereza, Marekani ama Australia, ambako karibu kila mtoto huzaliwa hospitali na malaria husomwa tu kwa vitabu. Mazingira yakifanana, sehemu ya tofauti inayofuata jeni lazima ipande, ni hesabu tu. Hapa kwetu mmoja alizaliwa vizuri, mwingine mama alishikwa na uchungu usiku akapelekwa na boda akazalia njiani na mtoto akachelewa kulia, mwingine amelazwa na malaria mara tatu kabla afike nasari. Sitashangaa namba ya Kisumu ikipimwa siku moja itoke chini ya 74, na watu wa mazingira wako sawa kusema hiyo hesabu si yetu.

Lakini angalia ile robo iliyobaki imeenda wapi. Hizo tafiti hugawa mazingira mara mbili, kuna yale watoto wa nyumba moja wanashiriki, mama yule yule, sufuria ile ile, sheria za nyumba zile zile, na kuna yale yanayompata mmoja peke yake. Kwa ADHD hilo fungu la kwanza hutoka karibu na sufuri. Fungu la pili ndo linabeba karibu kila kitu kilichobaki, pamoja na makosa ya vipimo. Maana yake ni kwamba hata ukiweka jeni kando kabisa, ule ulezi wa jumla ambao mama analaumiwa nao kila akiitwa shule ndo kitu data inaona kidogo kuliko vyote. Huyu mama wa omena ana watoto wengine wawili, wanalala kitanda kimoja na huyu, wanakemewa na mdomo ule ule, na wanatulia. Hiyo hata walimu wao wanajua, ni vile hawaiweki kwa hesabu.

Na hii tabia ya kumlaumu mama ina historia ndefu. Mwaka wa 1967 Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima kule Marekani akisema usonji unatokana na mama asiye na upendo, na alisikilizwa. Miaka kumi baadaye, 1977, Susan Folstein na Michael Rutter wakachunguza jozi 21 za mapacha. Kwa jozi 11 za kufanana, 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kwa jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Kundi lilikuwa dogo lakini lilifungua mlango, na tafiti kubwa zilizofuata zimezidi kuelekea huko huko. Hapo katikati akina mama walikuwa wanaambiwa na daktari, mtu mwenye cheti ukutani, kwamba wamemharibu mtoto wao kwa kukosa kumpenda. Hapa kwetu lawama hiyo huja kwa njia ingine, ataambiwa ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, ama ni mapepo, ama amedekeza, lakini anayebeba ni yule yule.

Sasa, kuna sababu watu hapa wanaogopa maneno ya kurithi na siwezi kuwacheka. Miaka ya 1930 H. L. Gordon, daktari aliyekuwa anasimamia hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, alienda mpaka Uingereza akieneza kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni kwa kuzaliwa, na mwenzake F. W. Vint alikuwa anapima na kuchunguza ubongo wa maiti hapa Kenya kutafuta ushahidi. Nchi ambayo sayansi ya urithi iliingia kwa mlango huo iko na haki ya kuiangalia kwa jicho kali. Na hata bila mkoloni, sisi wenyewe tunafanya upelelezi kabla ya ndoa, mashangazi wanatumwa kuuliza kama kwao kuna kifafa ama kichaa, na msichana anaweza kukataliwa juu ya mjomba wake. Ukisema jeni, wengi wanasikia ukoo mzima umepigwa muhuri.

Na mazingira yanaweza kuumiza ubongo wa mtoto, hiyo haina ubishi. Romania baada ya dikteta Ceaușescu kuanguka 1989 kulikuwa na maelfu ya watoto wamefungiwa kwa makao ya serikali, wanalishwa lakini hakuna wa kuwabeba wala kuwaongelesha. Watafiti walichukua 136 kati ya watoto hao kule Bucharest, kwa kura nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea. Waliopata familia walipungukiwa na wasiwasi na huzuni. Lakini ile hali ya kutotulia na kukosa umakini, ambayo ilikuwa juu sana kwa watoto wa makao, haikushuka hata walipopata mama wa kuwalea vizuri. Kwa hiyo huko mazingira ndo yaliileta na malezi mazuri yaliyokuja baadaye hayakuiondoa. Lakini hayo makao yalikuwa ukatili wa kiwango kingine, na nyumba ya kawaida mtaa wa Manyatta hapa Kisumu, yenye mama amechoka na anapayuka jioni, haiwekwi kwa mizani moja nayo.

Mazingira yanayonitisha mimi huku ziwani ni mengine. Kule hospitali ya Mulago, Kampala, walifuata watoto waliopona malaria ya ubongo, ile ya degedege na kupoteza fahamu. Miaka miwili baadaye asilimia 26 walikuwa na shida ya kufikiri ama kumbukumbu ama umakini, na kwa watoto wa jamii hiyo hiyo ambao hawakuugua ilikuwa 8. Wengine tabia hubadilika kabisa. Jirani yetu alikuwa na msichana mpole, akashikwa na degedege akiwa na miaka minne, akakaa wodini siku kadhaa, na aliyerudi nyumbani alikuwa anarusha vitu na kuuma wenzake. Mtaa ukasema amedekezwa hospitali. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa huku magharibi mwa Kenya Septemba 2019, ikizinduliwa Homa Bay, na mimi naihesabu kama kazi ya afya ya akili ya watoto hata kama hakuna anayeiita hivyo. Mbu ni mazingira. Wodi ya kujifungua isiyo na oksijeni ni mazingira pia. Mwalimu mstaafu akisema mazingira alikuwa anamaanisha mama tu.

Kuna kitu kingine upande wa malezi huwa wanaona lakini wanakisoma kinyume. Ni kweli mtoto mwenye fujo mara nyingi ana mama mkali, anapiga kelele, anaamrisha kila dakika. Wanasema basi ukali ndo umeleta fujo. Mwaka wa 1979 Russell Barkley na Charles Cunningham waliwapa watoto wa aina hii methylphenidate, dawa ya kusaidia umakini, wakalinganisha na siku wanapewa dawa bandia, wakawaangalia na mama zao. Mtoto akiwa kwa dawa alitii zaidi, na mama, ambaye hakupewa dawa wala ushauri, akapunguza amri na akamwangalia mtoto kwa upole zaidi. Ukali mwingi ulikuwa jibu la tabia ya mtoto. Haimaanishi kupiga hakuumizi, kunaumiza, na mtoto aliyezaliwa na wepesi wa kuwaka ndo huumizwa zaidi.

Swali nililosikia sana ni hili, kama mama si chanzo mbona madaktari wanapendekeza mafunzo kwa wazazi kabla ya dawa kwa watoto wadogo? Kwa sababu chanzo na tiba si lazima vikae mahali pamoja. Watu wa huku wanaelewa hii vizuri kuliko wengi kwa sababu ya sikoseli, ule ugonjwa wa damu. Hiyo ni ya jeni asilimia mia, inatoka kwa baba na mama wote wawili, baba hata aseme mara ngapi kwamba kwao haipo, na jeni yenyewe imebaki nyingi hapa ziwani juu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu anakingwa na malaria kali. Jeni na mbu hawawezi kutenganishwa hapo. Na bado mtoto hupewa dawa, neti, maji mengi, kliniki kila mwezi, na anaishi.

Kijana wa gredi ya tatu anahitaji kukalishwa mbele, kazi ikatwe vipande vifupi, asifiwe hapo hapo akimaliza kimoja, na mama afundishwe hayo kama mtu anayesaidiwa kubeba mzigo mzito, na baba akae kwa hicho kikao juu pengine ataanza kujielewa pia. Mwalimu aulize kama mtoto alichelewa kulia akizaliwa, kama amewahi kushikwa na degedege, na nani mwingine kwa familia alikuwa hivi, na nyanya ajibu bila kuogopa kwamba kuna binti atakosa kuolewa. Na namba zetu wenyewe bado ni chache, zaidi ya asilimia 80 ya watu ambao jeni zao zimechunguzwa kwa tafiti kubwa duniani wana asili ya Ulaya. Mradi wa NeuroDev ulioanza kukusanya data ya jeni na ukuaji wa watoto Kilifi na Cape Town, na ule wa NeuroGAP ambao Chuo Kikuu cha Moi pale Eldoret kimeshiriki kwa upande wa magonjwa ya akili ya watu wazima, ndo zinaanza kuleta namba za watu wetu, na kila mzazi anayekubali mtoto wake ahesabiwe kwa tafiti za aina hii anatusogeza mbele.