Aliye peke yake na aliyeachwa peke yake

Wazazi wengi Mwanza wana lalamiko moja: simu imewatenga watoto, mtu mmekaa naye sebuleni lakini hayupo. Wengine wanalia na jambo jingine kabisa, kwamba simu haimwachi mtu atulie na mawazo yake hata robo saa. Tunayachanganya haya mawili kila siku.

Lalamiko la kwanza naliona dhaifu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2025 inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na katika nchi za kipato cha chini ni karibu asilimia 24, dhidi ya 11 kwenye nchi tajiri. Kama simu ndiyo mchawi, wenye simu nyingi wangeongoza.

Nenda banda la gemu lolote Kirumba uone: runinga moja, pedi mbili, watoto wamejazana mgongoni mwa wachezaji wakizomea, aliyefungwa anampisha mwenzake. Ulimwengu ni wa kubuni, lakini mpweke humo humpati.

Halafu kuna nyumba zetu. Milimani Igogo au Mabatini vyumba vimebanana juu ya mawe, familia nzima chumba na sebule. Binti anavaa hedifoni, anafungua gemu la Minecraft, anachimba na kujenga, na kwa nusu saa hakuna anayemtuma dukani. Mama ataita huko kujitenga. Mimi nasema amepata chumba. Wazungu wenye vyumba vya kutosha nao walikitafuta: baada ya Second Life, ulimwengu wa kubuni wa mtandaoni, kuanza 2003, watu walinunua visiwa vya kidijitali kwa pesa halisi, wengine wakavifunga wasiingiliwe. (Tungewacheka, ila anayeijua Ukara ya hapa Ziwa Victoria ilivyojaa watu anajua kisiwa si lazima kiwe na nafasi.)

Lalamiko la pili ndilo linalonipa shida. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walieleza katika jarida la Science jinsi walivyowaacha watu chumbani dakika 15, hawana simu wala kitabu, ila kitufe cha kujipiga shoti. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, na wanawake 6 kati ya 24. Shoti ileile waliyosema wangelipa pesa kuiepuka. Simu haikuwemo chumbani, kwa hiyo siwezi kuisingizia kila kitu. Lakini kitufe cha namna hiyo sasa tunatembea nacho mfukoni.

Mvuvi wa dagaa anakujua kwa undani huku kubaki na mawazo yako. Usiku wa giza, taa zimewashwa majini, kinachobaki ni kusubiri dagaa wakusanyike. Zamani saa hizo zilikuwa za hadithi, za kunyamaza, za kupiga hesabu ya deni la tajiri mwenye mtumbwi. Leo mtandao ukishika, kila mmoja anainamia kioo chake. Sitausifia ukimya wa zamani: upepo ukichafuka, simu inaweza kuokoa roho, na mwenye mgonjwa nyumbani hahitaji kungoja mpaka afike ufukweni mwaloni ndipo ajue hali yake. Kilichopungua ni kule kunyamaza kusikochaguliwa na mtu; sasa kunakuja bando likiisha tu.

Ndiyo maana mvuvi hanitii hofu sana. Bando lake litaisha kabla ya alfajiri. Namwogopea mwenye Wi-Fi ya mwezi mzima kule Capri Point, kwa wenye nazo.