Mkorogo hautibu chunusi

Mimi ni msusi hapa Mwanga, Kigoma mjini. Shule zikifungwa, mabinti wa sekondari wananijia mfululizo, na mtu akikaa mbele yako saa nne nzima anasukwa, uso wake unaujua. "Anti, nipake nini hizi chunusi ziishe?" Kinachoniuma ni majibu waliyokwisha kupewa nyumbani na mtaani: huogi vizuri, unawaza wanaume.

Chunusi za balehe hazitokani na uchafu wala tabia. Homoni zikipanda, kwa mvulana na kwa msichana, ngozi hutoa mafuta mengi. Yakichanganyika na seli zilizokufa huziba vitundu vya ngozi, bakteria wakazaliana humo, pakavimba na kutunga usaha. Zaidi ya vijana 8 kati ya 10 hupitia hali hii kwa kiasi fulani. Kumsimanga mtoto kwa jambo hilo ni kumwonea.

Likizo iliyopita binti wa kidato cha pili alinitolea kikopo cha plastiki kutoka kwenye begi lake. Hakina lebo, hakina tarehe, ndani krimu ya njano iliyochotwa kwenye ndoo. Alikuwa amepaka wiki chache tu, uso ukang'aa, kila mtu akamsifu. Ndipo ulipo mtego. Huo ni mkorogo, krimu ya kuchanganywa ya kung'arisha ngozi. Mikorogo mingi ina steroidi, dawa kali inayotuliza uvimbe haraka, kwa hiyo mtu huamini amepona. Akiacha siku mbili, vipele vinafumuka vingi kuliko mwanzo. Akiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, jua linamchoma na mishipa ya damu inaonekana. Mingine ina haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au zebaki, na zebaki hudhuru figo. Viambato hivyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini bado vinauzwa peupe, na wanunuzi ni watoto wetu.

Chunusi zina dawa, ila zinataka subira. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, bila kusugua kwa dodoki. Kwenye duka la dawa ulizia benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, upake kiasi kidogo usiku (inababua rangi ya nguo, kwa hiyo usilalie kanga unayoipenda). Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, wanarudi kwenye kikopo.

Usizitumbue. Kwenye ngozi yetu nyeusi chunusi iliyotumbuliwa huacha doa linalokaa miezi.

Na hili nalisema kama msusi: vipele vinavyojipanga kwenye paji la uso, pale nywele zinapoanzia, mara nyingi vinaletwa na mafuta ya nywele. Iwe mise, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi, au ya dukani, yakichuruzika usoni yanaziba ngozi. Mwambie msusi wako apake kichwani tu, na ukilala funga kitambaa safi.

Mwenye mavimbe makubwa yenye maumivu, au yanayoacha makovu, asihangaike na maduka. Aende hospitali mapema, maana kovu likishaingia ni vigumu kuliondoa. Na aliyekwisha kupaka mkorogo kwa miezi aende na kikopo chenyewe mkononi, hospitali ya mkoa ya Maweni au kituo cha afya cha karibu, amwonyeshe daktari amekuwa akipaka nini na kwa muda gani. Mzazi, mpeleke wewe mwenyewe, na usimgombeze njiani.