Kifuniko chenye tundu moja kinatosha

Binti yangu yuko mwaka wa nne wa shule ya msingi. Mwezi uliopita alirudi nyumbani na mfuko unaotiririka maji, madaftari yote yamelowa, somo zima la jiografia limegeuka madoa ya buluu. "Mama, nilikifunga kweli," akaniambia. Nilimwamini, kwa sababu asubuhi ni mimi niliyekikaza kile kifuniko cha chupa yake ya maji kwa mkono wangu. Chupa yenyewe ilikuwa mpya na haikuwa ya bei rahisi. Kifuniko chake kilikuwa cha mrija unaochomoza ukibonyeza kitufe.

Tangu siku hiyo sipiti mbele ya meza ya chupa pale soko la Kadutu, hapa Bukavu, bila kusimama. Nafungua, nageuza, naingiza ukucha. Ninaloliona ni hili: watu wanaozitengeneza wanaikamilisha chupa kwanza, halafu wanakijaza kifuniko mapambo. Kitufe, mrija, vali, kitundu cha kuingizia hewa. Kila kitundu cha kuongeza raha ni njia nyingine ya maji kutokea, na kila njia inadai kimpira chake. Vimpira vinne vikiwa vizima, kimoja kikichoka, mtoto ameloa.

Maana kinachozuia maji si plastiki ngumu, wala si nguvu za mkono. Vitu viwili vigumu vikikutana hubaki na mianya ambayo jicho halioni lakini maji yanaiona. Kazi inafanywa na kitu laini kilichobanwa katikati. William Painter, aliyepata hati ya uvumbuzi wake Marekani mwaka 1892 kwa kile kifuniko cha bati chenye meno tunachong'oa kwenye chupa za soda na bia, alilielewa hilo: ndani ya bati aliweka kipande chembamba cha gome laini, lile la kutengenezea vizibo vya mvinyo. Leo kwenye chupa zetu za kubeba kuna kimpira cha silikoni, nacho kinahitaji kubanwa kiasi tu. Ukikaza kwa nguvu zote kinajikunja, kinatoka kwenye mfereji wake, na hapo ndipo maji yanapoanza kutoka. Kifuniko kizuri kingepaswa kufika mahali kikagota chenyewe, mkono ukajua kwamba basi, imetosha.

Anayetaka kujua ubaya wa mrija apande gari kutoka Uvira kuja Bukavu. Uvira iko kwenye ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Huku Bukavu, kwenye ziwa Kivu, tuko karibu mita 1,460. Ukimaliza kupanda milima ya Ngomo, kanieneo ya hewa ya nje, yaani nguvu yake ya kusukuma, imepungua kama asilimia 8, lakini ile hewa uliyoifungia ndani ya chupa kule chini bado ina nguvu zake za Uvira. Nayo inayasukuma maji chini. Ncha ya mrija iko humo humo ndani ya maji. Ukibonyeza kitufe, yanakurukia usoni. Niliwahi kumlowesha hivyo mzee mmoja aliyeketi pembeni yangu, mtu wa heshima aliyevaa koti lake la kanisani, na hadi leo naona haya.

Chupa ya soda ya plastiki, ile ile tunayoitupa, inalijua jambo hili. Angalia hesi za shingoni mwake, ile mistari ya kuzungushia kifuniko: zimekatwakatwa kwa wima. Ile mikato ni njia ya gesi. Unapoanza kuzungusha, hewa inatoka kupitia hapo wakati hesi bado zimekishika kifuniko, kwa hiyo hakiruki. Chupa za kutumia tena zingeiga hilo, hasa kwetu sisi tunaochemsha maji ya kunywa na kuyamimina yangali ya moto. Yakipoa chupa imefungwa, hewa ndani inasinyaa na kukivuta kifuniko, ndiyo maana asubuhi bibi mwenye vidole vinavyouma anashindwa kukifungua. Huyo bibi anataka kifuniko kipana, chenye mistari mipana isiyokata vidole. Tunampa kijikofia laini kinachoteleza.

Na raha ya mdomo? Hapa watengenezaji wanajitetea kwamba bila kitundu cha hewa maji hutoka kwa kukwama-kwama, glu glu glu. Ni kweli kwamba maji yakitoka lazima hewa iingie. Lakini mdomo mpana kidogo, unaokaribia ule wa chupa ya soda, wenye ukingo wa duara usiokwaruza, unaegemea mdomo wa chini tu, na hewa inapita kwa juu. Kitundu cha pili cha nini basi?

Ninachokitaka mimi ni rahisi kukieleza. Shingo pana ambayo brashi na hata mkono wa mtoto unaingia, maana usipoingia ndani huoshi. Juu yake kifuniko kinachozungushwa, na katikati ya kifuniko tundu moja la kunywea lenye kijifuniko kilichofungwa kwa kamba kisipotee. Vimpira viwili, basi. Viwe vyekundu juu ya plastiki nyeupe, ili mama aone upesi kwamba kimoja kimebaki kwenye karai la kuoshea vyombo. Vitoke kwa mpini wa kijiko, kwa sababu chini ya kimpira kisichotoka kuna kuvu nyeusi, na mtoto anainywa.

Na viuzwe peke yake! Nilimpelekea fundi mmoja chupa iliyopoteza kimpira. Akanikatia kingine kwenye mpira wa ndani wa tairi, akasema, "Mama, hiki hakitavuja." Hakikuvuja. Lakini maji yalinuka tairi, na mpira ule haukutengenezwa kukaa kinywani. Chupa nzima ya chuma ikatupwa kwa kukosa kipete kidogo. Nasi watu wa Bukavu tunajua chupa zinazotupwa zinaishia wapi: mvua inazishusha ziwani, ziwa linazisukuma hadi pale mto Ruzizi unapotokea, zinaziba njia ya maji ya mitambo ya umeme, na wafanyakazi wanazivua huku mitaa ikikaa gizani.

Juma lililopita nilinunua nyingine, isiyo na mrija. Niliijaza nusu maji ya vuguvugu, nikaitikisa, nikaifuta, nikailaza ubavu juu ya karatasi iliyoandikwa kwa wino wa buluu. Binti yangu ndiye aliyeamka mapema kwenda kuiangalia. Alirudi ameishika ile karatasi juu ya kichwa chake, akiisoma kwa sauti, neno kwa neno.