Ruta ya Uani

Mimi ndiye ninayelipia intaneti ndani ya nyumba hii. Naomba hilo lieleweke mapema, maana kwa ninavyoishi mtu anaweza kudhani nimefadhiliwa. Kila mwezi natoa hela yangu, megabiti 20 kwa sekunde, lakini nikitaka kusoma ujumbe chumbani kwangu mwenyewe lazima nisimame kati ya kabati na dirisha, mguu mmoja juu ya godoro, simu nimeinyanyua kama mtu anayemulika mzinga wa nyuki. Zamani mke wangu alikuwa akiuliza, "Unatafuta nini huko juu?" Siku hizi anazima taa tu.

Ruta, kile kisanduku kinachorusha mtandao, imekaa sebuleni nyuma ya runinga, pale walipoiacha vijana waliokuja kuunganisha, kwa sababu waya wao uliishia hapo na saa ya kula ilikuwa imefika. Kutoka hapo mpaka chumba cha uani kuna kuta tatu za tofali za inchi 6, friji, na kabati la vyombo. Mtandao ukitoka sebuleni mzima, ukifika jikoni unahema, ukifika uani ni marehemu. Ruta inarusha mtandao kwa mawimbi ya aina mbili. Ule wa gigahezi 5, unaosifiwa kwa mbio, ndio kabisa: unakimbia kama swala, lakini ukuta wa kwanza tu unakaa chini. Uliobaki ni ule wa 2.4, punda wetu, anajikokota mpaka anakofika.

Tungeendelea hivyohivyo kama mama mkwe asingekuja kutoka Tanga. Tukampa chumba cha uani kwa sababu kina hewa. Siku ya pili, baada ya chai, akaniuliza kwa ule upole wa kwao unaokata bila kutoa damu:

"Baba, kwani huku Dar mtandao haujafika?"

Jamani. Nilimeza andazi zima bila kutafuna.

Nikampigia mpwa wangu anayesomea kompyuta chuoni. "Anko," akasema, "si una ile ruta ya zamani kabatini? Igeuze akses pointi. Dakika tano tu." Akanieleza: ya sebuleni inabaki bosi, unavuta waya mpaka uani, ile ya zamani kazi yake inakuwa kurusha mawimbi basi. Haiamui chochote, inapitisha tu inavyopewa. Nikamwambia kazi hiyo naifahamu vizuri, ndiyo yangu humu ndani.

Nikaenda Kariakoo. Nilikuwa nimepima kwa hatua, nikapata ishirini na mbili. Muuzaji akaniangalia miguu, akasema, "Mzee, chukua mita 30. Waya ukizidi unakunjwa, ukipungua hauvutiki." Kwani hata mia unafika, akaniambia, ila zaidi ya hapo usitegemee. Halafu akakaa kwenye kindoo chake kunifungia vichwa vya waya, na hapo nakiri nilisahau kilichonipeleka. Akazungusha wembe kwenye ganda, likavuka kama ngozi ya muwa. Ndani nyaya nane, zimesokotwa mbilimbili. Akazinyoosha kwa kidole gumba moja moja, akazipanga: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Hakutazama popote, midomo inacheza kama mtu anayevuta uradi. Akakata ncha zote sawa, akasukumiza kwenye kichwa cha plastiki, akabana na koleo. Ka!

"Zote nane zinafanya kazi?"

"Kwa ruta kongwe kama yako, nne tu."

"Na hizo nyingine?"

"Zipo."

Kama wajomba kwenye kikao cha harusi.

Jumapili saa saba mchana nikapanda darini. Kwa nini saa saba? Kwa sababu asubuhi nilikuwa nimejilalia, nisidanganye. Bati la Dar saa saba mchana unaweza kukaangia chapati upande wowote kati ya pande zake mbili. Natambaa kenchi hadi kenchi, waya nimeuma kwa meno, chini yangu jipsam, ambayo ukiikosea mguu wako unatokea sebuleni kuwasalimia wageni. Chini mke wangu anauliza, "Umefika wapi?" Nitajuaje nimefika wapi, kuna giza na panya! Mama mkwe naye: "Baba, shuka kwanza ule, muhogo unapoa." Nilishuka baada ya saa nzima nimefanana na mkaa uliolowa maji.

Sasa kuchomeka. Nikachomeka kama nilivyoambiwa, tundu la LAN, yaani la mtandao wa ndani, huku, tundu la LAN kule, lile tundu la rangi ya peke yake nisiliguse. Taa zikawaka. Nikashika simu uani: mistari imejaa! Nikapiga kelele ya ushindi. Kelele haijaisha, nikaona maandishi madogo: *Imeunganishwa, hakuna intaneti.* Na wakati huohuo kilio kikatoka sebuleni. Katuni imeganda. Mke wangu yuko katikati ya kikao cha kikoba kwa video, mweka hazina kaganda mdomo wazi na hela za watu hazijatajwa.

"Baba watoto! Umefanya nini?"

Nikampigia mpwa. Akacheka kwanza. Kumbe nimewaweka wakubwa wawili nyumba moja. Ruta zote mbili zinajiita kwa anwani moja, 192.168.1.1, na zote mbili zinagawa anwani kwa kila simu inayobisha hodi. Mwenye kiwanja Dar ameshanielewa: ofisi mbili, mihuri miwili, kiwanja kimoja. Simu inauliza, "Nipite wapi kwenda nje?" Anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa, na ile kongwe ya uani ilikuwa inawahi, kwa ujasiri wote, "Pita kwangu," wakati kwake hakuna njia, kuna ukuta.

"Chomoa waya, anko. Iunganishe kwenye laptopu peke yake, uingie kwenye mipangilio."

Paswedi yake niliiweka miaka hiyo nikiwa na nywele. Ikabidi niitafutie kile kitundu cha nyuma, nichome na hereni ya mke wangu, nishikilie huku nahesabu mpaka kumi, ndipo taa zikapepesa, ikasahau yote. Raha gani hiyo, kuchomwa na hereni ukasahau yote! Nikaingia kwa jina admin na paswedi admin. Nikabadilisha anwani iwe 192.168.1.2, nikabonyeza kuhifadhi, ukurasa mzima ukatoweka. Jasho likanitoka upya. "Nimeiua," nikamwambia mpwa. "Hujaiua, anko. Imehama, na wewe umeihamisha. Ifuate huko 1.2." Mtu unahamisha kitu kwa mkono wako halafu unakilia msiba.

Baada ya hapo nikazima kile kinachogawa anwani, kinaitwa DHCP, nikaipa jina na paswedi zilezile za sebuleni ili simu isione imefika ugenini. Chaneli, yaani njia ya mawimbi, mpwa akaniambia chagua kati ya 1, 6 na 11, nyingine zinakanyagana. Majirani wote wamerundikana 6, sebuleni kwangu ni 1, uani nikaweka 11.

Saa tano usiku megabiti 18 zilisoma uani. Mama mkwe akampigia dada yake Tanga kwa video, nikamsikia kwa masikio yangu: "Mkwe wangu kanivutia mtandao wangu peke yangu." Nililala na miguu yote miwili juu ya godoro.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi:

"Baba! Mbona mtandao umeondoka?"

Nikatoka na msuli. Ruta haipo. Iko juu ya kabati, imefutwa vumbi, imefungwa kwenye kanga, waya wa umeme umekunjwa duara safi kama kamba mpya ya kuanikia.

"Ile taa ya kijani ilikuwa inanikonyeza usiku kucha," akasema, "nami mtu mzima. Tena kitu cha watu kisije kikaungua."

Nikamweleza kwa adabu kwamba inatakiwa ilale inawaka. Akaitikia vizuri sana. Kesho yake, kabati, kanga. Nikabandika utepe mweusi juu ya taa zote, isimkonyeze mtu. Akaniambia tangu nizibe taa hajui kama inawaka au haiwaki, kwa hiyo anaichomoa ili awe na hakika.

Siku hizi, kabla sijasukutua, natoka uani na msuli wangu, naishusha, naivua kanga, naichomeka, nasimama pale dakika mbili inapoamka, mswaki mdomoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Leo umechelewa kuniwashia."