Leseni ya dereva mlevi na wajibu wa tajiri wake

Tangu Januari 2020 Marekani ina rejista ya taifa ya madereva wa magari ya biashara waliobainika kukiuka masharti ya pombe na dawa za kulevya, wakiwamo waliokataa kupimwa. Mwajiri haruhusiwi kumkabidhi dereva mpya usukani kabla ya kuipekua, na kila mwaka hana budi kurudia. Tangu Novemba 18, 2024 kamba imekazwa zaidi: dereva aliyezuiwa humo hupokonywa na jimbo lake daraja la leseni ya magari hayo hadi akamilishe masharti ya kurudi kazini.

Kwetu Tanzania, tunaoishi kando ya barabara kuu iendayo Zambia, faida ya rejista kama hiyo haihitaji maelezo marefu. Dereva aliyeachishwa kazi Makambako kwa kunuka pombe anaweza kupata lori jingine Tunduma, kwa kuwa tajiri mpya hukagua leseni, huku sababu ya kuacha kazi akiielezwa na dereva mwenyewe. Akipewa semitrela ya kushuka nayo mteremko mkali wa Kitonga, wanaobeba hatari ni abiria wa basi lililo mbele yake. Viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini ulanzi wa Iringa, pombe ya mianzi, haukuwahi kuhitaji kiroba, na kifaa cha kupima pombe kwa kupuliza hakioni bangi.

Hata hivyo, kipimo cha mkojo nacho kina kasoro yake: kinaweza kuonyesha bangi iliyovutwa siku nyingi nyuma, bila kuthibitisha kwamba dereva alikuwa amelewa akiwa barabarani. Njia ya kurudi kazini ni ghali pia. Huko Marekani dereva hutathminiwa na mtaalamu, hupata tiba au mafunzo, hupimwa upya, kisha hupimwa kwa kushtukizwa angalau mara 6 katika miezi 12, na sheria haimlazimishi mwajiri kulipia wala kumrudisha. Dereva wa Uyole anayeishi kwa posho ya safari, bila mkataba wa maandishi, angetoa wapi fedha hizo?

Naunga mkono rejista, na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, ambayo tayari husajili na kuthibitisha madereva wa biashara, ndiyo mahali pake. Lakini isiandike majina ya madereva peke yao. Anayetafuna mirungi ili afike mpakani alfajiri mara nyingi anatimiza ratiba ya mtu aliyelala nyumbani. Kwa hiyo tajiri aliyeajiri bila kupekua, au aliyeficha kosa ili mzigo usichelewe, naye asimamishiwe leseni ya usafirishaji.