Jeni Inayopiga Kelele Si Lazima Ndiyo Inayofanya Kazi

Buu jike wa nyuki haanguliwi akiwa malkia wala kibarua. DNA yake inaweza kumtoa yeyote kati ya hao wawili. Kinachoamua ni anacholishwa, na jeni ambazo chakula hicho huziwasha au kuzizima. Mwaka 2008 watafiti nchini Australia walibana kazi ya jeni moja tu, iitwayo Dnmt3, ndani ya mabuu wachanga, na wengi wao wakakua kuwa malkia wenye ovari zilizokomaa.

Mfano huo unatosha kueleza kwa nini wanabayolojia hawaridhiki tena na orodha ya jeni. Mary-Claire King na Allan Wilson walishalisema mwaka 1975: protini za binadamu na za sokwe zinafanana mno kuweza kueleza tofauti tunazoziona, hivyo jibu litafutwe kwenye namna jeni zinavyoendeshwa. Seli ikitumia jeni huinakili kwanza kuwa RNA. Hesabu nakala hizo, utajua jeni ipi iko kazini, katika kiungo gani, wakati gani. Zamani ilibidi ujue mapema jeni unazozitafuta. Tangu mwaka 2008 hivi RNA husomwa moja kwa moja kwa wingi, hata ya kiumbe ambacho DNA yake haijasomwa, na waliokuwa wakichunguza wadudu na minyoo isiyo maarufu maabarani wakapata nao pa kuanzia.

Lakini namba nyingi zina ulevi wake. Mwaka 2014 utafiti mkubwa ulilinganisha viungo vya binadamu na vya panya, ukatoa jambo la kushangaza: kwa RNA zake, ini la panya lilielekea kufanana na viungo vingine vya panya kuliko na ini la binadamu. Mwaka uliofuata Yoav Gilad na Orna Mizrahi-Man walirudia hesabu. Waligundua kwamba sampuli nyingi za binadamu na za panya zilikuwa zimesomwa kwa awamu tofauti za mashine. Walipoondoa athari ya awamu hizo, ini likarudi kukaa na ini, moyo na moyo. Huenda sehemu kubwa ya kilichopimwa ilikuwa mashine, si mnyama.

Hata kipimo kikiwa safi, bado kuna mtego ambao mimi nauona mkubwa zaidi. Mwaka 2002 kundi la watafiti liliondoa karibu kila jeni ya hamira, moja baada ya nyingine, kisha likaikuza katika mazingira mbalimbali. Katika manne kati ya hayo, miongoni mwa jeni zilizopandisha RNA, chini ya asilimia 7 ndizo hamira ilizozihitaji kweli ili ikue vizuri. (Nyingine zilikuwa zinapiga kelele tu, kama watu wanaokimbilia moto bila ndoo.) Halafu RNA yenyewe si protini inayotengenezwa kutokana nayo: nakala nyingine huoza kabla ya kutumika sana.

Kwa hiyo nasimama upande wa vipimo hivi, ila kwa sharti: vituletee washukiwa, visituletee hukumu. Na washukiwa wa maana wapo. Dubu-maji, kiumbe kisichozidi sana milimita moja, hukauka kabisa na baadaye kurudi kwenye uhai akipata maji. RNA zake zilionyesha kwamba anapokauka huwasha kwa nguvu jeni za protini zisizofanana na za wanyama wengine, protini zisizo na umbo maalumu. Orodha ingeweza kuishia hapo, ikachapishwa, ikasahaulika. Badala yake, katika kazi iliyotoka mwaka 2017, watafiti walizibana jeni hizo, na dubu-maji wachache zaidi wakanusurika ukavu. Wakazipandikiza kwenye hamira, na hamira ikastahimili kukaushwa kuliko ilivyozoea.